Wakuu, mkanda wa jeshi ncha zikikutana ni kweli mtu anakufa? Nipo Ujiji

Mpakia Dagaa (mtoa mada)
Salaam wakuu. Naomba ushauri wa haraka na naomba msinitukane, mawazo niliyonayo yanatosha. Tangu juzi nimetokwa na malengelenge upande wa kulia. Kabla hayajatoka ngozi ilikuwa inachoma na kuwasha, nikadhani ni jua la Kibirizi maana ndiko ninakopakia mzigo. Mama mwenye nyumba kanitazama mara moja tu, akasema "huo mkanda wa jeshi", akaongeza kwamba ukizunguka ncha zikakutana, basi tena. Swali langu ni hilo tu, ni kweli? Na dawa ya kuukausha haraka ni ipi, maana Jumamosi ijayo nina shughuli. Umri miaka 31.

Fundi Betri
Ngoma hiyo mkuu. Kapime. Nimemaliza.

Bibi wa Gungu
Fundi Betri huna adabu. Mwanangu pole. Mimi ulinitoka nikiwa nimeshastaafu, kuanzia chini ya ziwa la kushoto hadi mgongoni. Kupima nilipima, sina kitu. Malengelenge yalikauka, maumivu yakakataa kuondoka, khanga ikinigusa tu naruka. Mume wangu, Mungu amrehemu, akawa anasema najidekeza. Na yeye mafua tu yakimshika redio inazimwa, watoto wanatolewa nje, uji uwe wa ulezi na usiwe wa moto sana. Wanaume bwana. Haya, nilitaka kusema nini? Mawese usipake.

Mpakia Dagaa
Shikamoo mama. Mawese nimeshapaka. Na majivu.

Nesi wa Zamu
Hakuna anayekufa kwa ncha kukutana, na kwa kawaida hazikutani. Ulipougua tetekuwanga utotoni virusi havikuisha mwilini. Vilipanda kwa mishipa ya fahamu kutoka kwenye ngozi, vikajificha kwenye vifundo vya mishipa hiyo kando ya uti wa mgongo. Miaka inapita hujui lolote. Kinga ikishuka, iwe kwa umri, VVU, saratani au baadhi ya dawa, virusi kwenye kifundo kimoja vinaamka na kurudi kwenye ngozi kwa mshipa uleule. Mshipa wa kulia unahudumia kulia tu, ndiyo maana malengelenge yanaishia katikati ya mwili. Na kwa kuwa mshipa ndio unaoungua kwanza, maumivu yanatangulia vipele. Kupima VVU nashauri, hasa kwa umri wako, lakini mkanda peke yake si majibu ya kipimo.
Sasa nijibu wewe. Upande wa kulia wa wapi?

Mpakia Dagaa
Asante sana, la kufa umenituliza. Ni kulia kwa juu. Je, dawa ya meno inasaidia kukausha?

Mgebuka Mkavu
Inasaidia, utakufa na harufu nzuri 😂
Ila Nesi kaeleza vizuri. Sisi wa ziwani tuseme hivi: virusi hivyo ni wavuvi wa dagaa wakati wa mbalamwezi. Hawajahama, wapo nyumbani wamelala, wanasubiri giza. Kinga ndiyo mwezi. Mwezi ukififia unaona karabai zimejaa ziwani.

Nesi wa Zamu
Mtoa mada, "kwa juu" ni wapi? Bega? Shingo?

Mama Wawili Kasulu
Samahani kwa kuteka uzi. Mimi kila nikipata homa mdomo unatoka vidonda pembeni, palepale kila mara. Ni mkanda?

Nesi wa Zamu
Hapana dada, hao ni ndugu wa virusi vya mkanda, hapesi ya mdomoni. Kifundo chao kiko ndani ya fuvu, kwenye mshipa wa fahamu wa uso. Wa sehemu za siri mara nyingi wanalala kwenye vifundo vya chini ya mgongo. Tabia moja, kila mmoja na kituo chake.
Mpakia Dagaa, bado nakusubiri.

Mpakia Dagaa
Paji la uso. Yameshuka hadi kope, na kuna vipele viwili kwenye ncha ya pua. Jicho limevimba kidogo na lina wekundu, ila naona.
Sikusema mwanzo kwa sababu najua mtakachoniambia. Hospitali siendi. Nimeshampa kianzio mzee mmoja Kalinzi, yeye anang'oa mzizi kabisa haurudi, kamtibu jirani yangu ukakauka vizuri. Hospitali watanipima ngoma, na Jumamosi ijayo natoa mahari Mwandiga. Shemeji yangu mtarajiwa anafanya kazi mapokezi. Mnanielewa?

Kobe la Mwanga
Chai hii. Mkanda unavaliwa kiunoni, wa kwako umepanda kichwani umekuwa kofia? Tena someni kwa makini: mara mzee wa Kalinzi, mara anang'oa mzizi, mara jirani kapona. Subirini, post mbili mbele inawekwa namba ya simu ya huyo mzee. Tumeshachoka na matangazo ya waganga humu.

Fundi Betri
Sukari iko wapi wakuu, chai imeshaiva.

Mgebuka Mkavu
Kweli bwana, mbona kaficha uso muda wote huo? Mtu anaumwa usoni anaandika "upande wa kulia"!

Mpakia Dagaa
Namba siweki na sijaombwa. Jicho linaniuma mnaniita muongo.

Kobe la Mwanga
Weka picha.

Mpakia Dagaa
Shemeji yumo humu humu. Siweki.

Kobe la Mwanga
Nilijua tu.

Mwalimu wa Baiolojia
Kobe, usoni unatokea. Mshipa wa fahamu wa uso una matawi matatu, la juu linahudumia paji la uso, kope na pua. Tetekuwanga humwaga virusi mwili mzima, kwa hiyo hata kifundo cha uso kinapata wapangaji. Aliyelifuatilia sana jambo hili ni daktari wa kawaida tu wa mji mdogo Uingereza, Edgar Hope-Simpson. Aliwafuatilia wagonjwa wake kwa miaka mingi, akaenda hadi kisiwa cha Yell huko kaskazini mwa Uskoti, maana kwenye kisiwa ni rahisi kujua nani kamwambukiza nani. Mwaka 1965 akaandika kwamba mkanda hauji kutoka nje, ni tetekuwanga ya zamani iliyoamka. Hakuwa na maabara kubwa, alikuwa na daftari.
Na hilo la mzizi, mtoa mada. Virusi vikilala vinabaki vinasaba tu, vimejikunja duara ndani ya kiini cha seli ya fahamu, havizalishi karibu chochote cha kinga kukiona. Hata asiklovia, dawa ya virusi ya hospitali, inavizuia vikiwa vinazaliana, vilivyolala haivigusi. Kama hospitali hawaung'oi, mzee anaung'oa kwa jembe gani? Jirani yako angepona tu, malengelenge haya hukauka na kupona yenyewe ndani ya wiki mbili hadi nne.

Nesi wa Zamu
Chai au si chai, namjibu kama ni kweli maana jicho halina akiba. Vipele ncha ya pua ni dalili mbaya, kitawi kinachofika hapo ndicho kinachoingia ndani ya jicho. Kovu likikaa kwenye kioo cha jicho unaweza kupoteza uoni. Vidonge vya asiklovia vinafaa zaidi vikianza ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke, na wewe unasema tangu juzi. Hata zikipita, nenda, jicho bado lina haki ya dawa. Nenda Hospitali ya Maweni leo, sema jicho kwanza. Usipake mawese, majivu wala dawa ya meno karibu na jicho. Kipimo cha VVU kinafanywa kwa ridhaa yako na majibu ni siri yako, shemeji wa mapokezi hayaoni.

Mpakia Dagaa
Na kianzio cha Kalinzi? Elfu themanini, Nesi.

Bibi wa Gungu
Elfu themanini na jicho, mwanangu! Panda bodaboda. Kigoma ni mwisho wa reli, si mwisho wa hospitali.

Mpakia Dagaa
Sawa mama, naenda. Ila Kalinzi nitapitia baadaye kuongea naye, hela yangu ni hela yangu.
Halafu mchumba kapiga simu sasa hivi, anakuja jioni kunijulia hali na dada yake, yule mjamzito. Wasije?

Nesi wa Zamu
Mkanda wenyewe hauwapati, lakini maji ya malengelenge yanaweza kumpa tetekuwanga asiyewahi kuugua, na kwa mjamzito hiyo ni hatari. Huyo dada alishaugua tetekuwanga?

Mpakia Dagaa
Sijui. Ngoja nimpigie mama yao, ingawa nikimuuliza hivyo atataka kujua kwa nini.

Kobe la Mwanga
Mwambie ni chai.