Kujitolea IT kanisani: kujenga mfumo mpya, kufunga ChurchCRM, media au miradi ya nje? Tulinganishe

kijana_wa_tabata
Wakuu salaam, na Bwana Yesu asifiwe kwa wale wa nyumbani. Mi ni divelopa, ugali wangu unatoka kwenye PHP (lugha ya kuandikia mifumo ya mtandaoni), ofisi iko Posta, Jumamosi mchana huwa niko huru. Juzi mchungaji kanidaka nje baada ya ibada ya pili, "kijana tumesikia unatengeneza mifumo huko mjini, sasa na kanisa lako je?", afu mzee wa kanisa aliyekuwa pembeni akadakia kwamba wanataka kitu "kama cha benki". Nikacheka nikakubali. Hela sidai, hilo limeisha, ila nataka nguvu yangu iende sehemu yenye maana.

Njia ninazoziona ni hizi: niandike mfumo wetu wenyewe kuanzia sifuri, waumini, jumuiya, ahadi, bahasha, kila kitu. Au nichukue ChurchCRM, programu huria ya kutunza kumbukumbu za waumini, yaani bure na kodi (code) yake iko wazi, nayo ni PHP na kanzidata ya MySQL, niifunge kwenye hostingi (seva ya kukodi) ya bei poa nianze kuingiza watu. Au niachane na mifumo nikajiunge na vijana wa media, projekta na laivu. Au usharikani niwe natoa sadaka kama wengine tu, ujuzi niupeleke kwenye miradi ya programu za Biblia inayotumika dunia nzima. Waliopitia semeni, ipi inasaidia kweli na ipi itanikausha.

root_wa_mbagala
Usiandike kuanzia sifuri. Narudia, usiandike. Kuna kanisa moja nalifahamu, kijana alijenga mfumo mzuri tu, domeni (jina la tovuti) kasajili kwa imeli yake, seva analipia kwa kadi yake, paswedi zote anazo kichwani. Akapata kazi Dodoma, akaoa, simu ikawa inapokelewa jioni tu, baadaye haipokelewi kabisa. Domeni ikaisha muda, na taarifa za kulipia zilikuwa zinaenda kwenye imeli ya chuo ambayo alishaacha kuifungua. Wakarudi kwenye daftari, na daftari lina pengo la kipindi chote walichokuwa wanaandika kwenye mfumo, sasa mama anakuja kuomba cheti cha ubatizo cha mtoto anataka kuandikisha shule, ofisini wanaangaliana.

Chukua kitu huria. Ukiondoka we, atakayekuja anakuta maelezo mtandaoni.

dev_kijitonyama
Root hapo unailaumu programu kwa kosa la umiliki. Hata angefunga ChurchCRM, kama domeni iko kwa jina lake ingekufa vilevile. Sajili domeni ya or.tz kwa jina la usharika, imeli iwe ya ofisi, paswedi ziwe kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya kabati la katibu, hiyo habari imeisha.

Mi nasema ajenge, ila kidogo kidogo. ChurchCRM imesimama juu ya familia, unaanza na familia na anwani yake afu ndo watu wanaingia humo ndani. Sasa njoo Buguruni. Nyumba moja wapangaji wa kila aina, dada anakaa kwa shemeji yake Mkatoliki, kijana anasali kwetu ila jumuiya yake bado iko Gongo la Mboto kwa wazazi, bahasha kila mtu ana namba yake, na anwani ukiuliza unaambiwa karibu na mwembe ulizia kwa mama muuza maandazi. Utatumia Jumamosi zako zote kulazimisha vitu viingie sehemu ambazo hazikutengenezwa kwa ajili yake.

root_wa_mbagala
Hujaigusa siku nyingi wewe. Jumuiya unaziweka kama makundi, namba ya bahasha unaongeza sehemu yako mwenyewe kwenye taarifa za mtu, inaruhusu, na familia ya mtu mmoja inakubali. Kitu cha kuogopa ni usalama. Ukiifunga tu badilisha paswedi ya admini palepale, inakuja na changeme na dunia nzima inaijua. Na apdeti usiziruke, imeshawahi kutangazwa kuwa na matundu ya SQL injection, yaani mtu wa nje anapenyeza amri zake kwenye kanzidata. Ukishindwa hilo usiiweke mtandaoni, iweke kwenye kompyuta ya ofisi tu, ndani kwa ndani.

Ila usije ukashawishiwa na Rock RMS, mfumo mwingine wa makanisa, nzuri sana ile lakini inataka Windows na SQL Server, nani atalipia na nani ataitunza.

mama_bahasha
Wanangu samahani naingilia, mie si mtu wa kompyuta, ni mhazini msaidizi huku Kimara. Mnabishana familia familia, mie shida yangu iko Lipa Namba.

Zamani ahadi inakuja ndani ya bahasha, namba imeandikwa juu, tunafungua, tunahesabu wawili wawili, naandika. Siku hizi mtu anatuma kwa simu akiwa kabanwa kwenye mwendokasi, haandiki namba ya bahasha wala nini. Nikitoa taarifa ya malipo naona jina. Jina la nani sasa? Laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA cha dada yake maana yeye wakati ule hakuwa nacho. Kwa hiyo nina 20,000 ya mtu ambaye kwenye daftari langu hayupo, na mwenye hela mwisho wa mwaka anasomewa ahadi yake anaambiwa anadaiwa, ananuna, mwingine anahama kabisa. Kijana aliyejitolea kwetu alituahidi mfumo utalinganisha majina wenyewe. Haukuweza, na ungewezaje wakati jina lenyewe silo.

Kilichotusaidia ni kwenda jumuiya kwa jumuiya tukauliza kila mtu: sadaka unatuma kwa laini ipi, na imesajiliwa kwa jina la nani. Tukaongeza kolamu mbili kwenye Excel. Mtoto wa kidato cha nne ndo alinionesha VLOOKUP, ile fomula ya kutafuta jina kwenye orodha nyingine, nusu saa nikawa nimeshaelewa. Kijana wa Tabata, kabla hujafungua hiyo laptopu yako nenda kakae na mhazini wenu mezani wakati wa kuhesabu, usiseme kitu, angalia tu.

kijana_wa_tabata
Mama shikamoo. Aisee hii ya majina ya laini ilikuwa haijanijia kabisa akilini, na nilikuwa nimeshaanza kuchora jinsi ya kulinganisha majina. Hiyo Excel mnaihifadhi wapi, bakapu mnayo?

mama_bahasha
Marahaba mwanangu. Iko kwenye laptopu ya ofisi na kwenye flashi ya mwenyekiti wa fedha. Flashi inakaa kwenye funguo zake za gari.

dev_kijitonyama
Kwenye funguo za gari 😂😂 na paswedi ya faili?

mama_bahasha
Paswedi ya nini tena baba, si ni yetu wenyewe.

wakili_wa_sinza
Hapo sasa. Watu wanasahau kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na imani ya dini ya mtu inahesabika kuwa taarifa nyeti. Orodha ya waumini na namba zao za simu, majina ya watoto wa Sunday school, nani anatoa shilingi ngapi, vyote vimo. Taasisi inayokusanya inatakiwa kujisajili Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kanisa nalo ni taasisi. Sasa anayejitolea akibeba data yote kwenye laptopu yake binafsi kwa sababu "naifanyia kazi nyumbani", siku imeibiwa kwenye daladala kanisa linajibu nini? Mleta mada, njia yoyote utakayochagua omba barua ya baraza la wazee inayosema unaruhusiwa kuona nini, na kazi ya kujaribia ifanye kwa majina ya kubuni.

abuu_ilala
Mi ni Muislamu ila nasoma kimyakimya maana msikitini kwetu ni hivyohivyo, michango ya ujenzi inaingia kwa simu na hamna anayejua nani katoa nini. Hiyo ya kolamu mbili nimeichukua.

sauti_ya_nyuma
Mbona media mmeiruka? Mi niko huko. Tunatumia OpenLP, programu ya kurusha nyimbo kwenye projekta, ni bure, inakubali Windows na Linux, unaweza kuiendesha kwa simu kupitia brauza bila kukimbilia kwenye kompyuta kila ubeti. Kazi kubwa ni kuingiza nyimbo, maana tenzi zetu za Kiswahili hazipo tayari, vijana walikaa wakachapa mkono kwa mkono na kila mmoja anaandika kivyake, mmoja "Ee Bwana" mwingine "E Bwana", ukitafuta ibada ikiendelea huoni, kwaya imeshafika pambio wewe bado uko kwenye kutafuta. Hapo mtu anayejua data angetusaidia kuliko kamera mpya: aje asafishe zile nyimbo, aweke namba za kitabu, atoe nakala moja ambayo na sharika nyingine wanaweza kuichukua.

Ubaya wake ni kwamba media ina kamba. Mfumo ukigoma Jumanne unautengeneza Jumamosi, projekta ikigoma saa 1 asubuhi watu wote wanageuka kukuangalia wewe. Na hutakaa tena na familia yako ibadani, jiandae.

mjumbe_wa_matangazo
Nami niongezee kitu kidogo ambacho kanisa letu kilikuwa kinatula hela: SMS za matangazo. Meseji moja ni herufi 160 ila ukiweka alama moja tu isiyo ya kawaida inashuka hadi 70, na ikizidi hapo inakatwa vipande, kila kipande unalipia. Katibu anaandika kwenye Word, "mnada wa ng’ombe wa mavuno", Word inageuza ile nukta ya juu kwenye ng' inakuwa ya kupinda, basi tangazo la herufi 150 ambalo lilikuwa meseji 1 linakuwa 3. Mara waumini wote. Tumekaa tunailaumu kampuni ya meseji kumbe ni ng'ombe 😂. Kafomu kadogo ka kubadilisha hizo alama kabla ya kutuma, mtu wa PHP anakaandika jioni moja, na kanalipa kuliko huo mfumo wa kama benki.

mchangiaji_wa_mbali
Nitetee njia ya nne kidogo maana naona imezikwa. AndBible ni app ya kusoma Biblia ya Android, ya bure, chanzo chake kiko wazi, na imejengwa juu ya kazi ya CrossWire, kundi la watu wanaojitolea kutengeneza programu za Biblia kwa miaka mingi. Ukirekebisha kitu kule kinamfikia hadi mtu wa Tandahimba asiye na bando, kwa sababu inasoma bila mtandao. Kuna makanisa mengine wenzetu wamepanga kabisa, Watakatifu wa Siku za Mwisho kule Utah wana utaratibu wa waumini wenye ujuzi wa teknolojia kuchangia miradi ya programu za kanisa, na FamilySearch yao, tovuti ya kutafuta ukoo, imesaidiwa sana na watu wa kujitolea kunakili majina kutoka kwenye kumbukumbu za zamani.

Faida kwako binafsi: kodi (code) unayoandika inakaguliwa na watu wanaokuzidi, unajifunza, na siku umechoka unaacha bila mchungaji kukupigia. Hasara: hakuna mtu Tabata atakayejua umefanya nini, na mzee wa kanisa ataendelea kuuliza ile benki imefikia wapi.

root_wa_mbagala
Hiyo "unaacha bila mchungaji kukupigia" ndo sababu siipendi. Mimi nadhani mtu kakuomba kwa mdomo wake, ukamjibu unasaidia mradi wa Wazungu, atakuelewa vibaya. Fanya zote ila ya nyumbani kwanza.

dev_kijitonyama
Mi bado nasema ajenge. Kafomu ka SMS ni kujenga. Kulinganisha laini na bahasha ni kujenga. Sikusema ajenge benki.

kijana_wa_tabata
Wakuu nimesoma zote asanteni sana. Nimeongea na mchungaji jana jioni, nimemwambia mfumo mkubwa sianzi sasa hivi, hakufurahi sana ila ameelewa. Tumekubaliana nianze na meza ya mhazini, nikusanye majina ya laini kupitia wenyeviti wa jumuiya, iwe Excel yenye paswedi kwenye kompyuta ya ofisi na bakapu isiyo kwenye funguo za gari ya mtu 😅. Fomu ya SMS nitaiandika. ChurchCRM nitaifunga ofisini tu bila mtandao kwa ajili ya ubatizo na kipaimara, daftari liendelee sambamba hadi katibu mwenyewe aseme linatosha. Nimeomba nipewe kijana mmoja wa kidato cha sita awe anakaa pembeni yangu kila ninachofanya, huyo ndo root alikuwa anamlilia. Barua ya baraza wamesema wanajadili. Mama, unaweza kunitumia mfano wa hiyo Excel yenu?

mama_bahasha
Nitakutumia mwanangu, ila itakuja tupu. Majina ya watu wangu siyatoi, nimemsikia wakili.