Mjadala: Kanda za mechi za zamani zitafutwe, au magwiji wetu wabaki masikioni?

Ndugu zangu, tangu wiki iliyopita kuna kipande cha video kinachozunguka kwenye simu za watu hapa Kisumu. Ni sekunde 11 tu, hakina rangi wala sauti. Winga anashuka na mpira ubavuni, anamwacha beki wa kwanza, wa pili anateleza na kukaa chini, krosi inapigwa, halafu picha inakatika kabla mpira haujamfikia mtu. Aliyekirusha ameandika chini yake: "Kadenge na mpira."

Kufikia jioni watu walikuwa wamegawanyika. Wapo waliofurahi hadi machozi, na wapo waliosema heri kisingeonekana kabisa, maana vijana wamekitazama na kucheka. Ndiyo maana nauleta mjadala huu: je, picha za mechi za zamani zitafutwe, zisafishwe na kuwekwa wazi, au tubaki na hadithi tulizorithi? Mimi nasema zitafutwe, na zitafutwe sasa.

Kwa mdogo wangu ambaye jina hilo ni msemo tu kwake: Joe Kadenge alikuwa mtu wa Vihiga, nyota wa Abaluhya, timu ambayo leo tunaiita AFC Leopards, na wa timu ya taifa miaka ya sitini. Maneno "Kadenge na mpira" yanatokana na redio, kwenye sauti ya Leonard Mambo Mbotela. Mtangazaji alilazimika kuyarudia kwa sababu mpira haukuwa unamtoka yule bwana miguuni. Kadenge alituaga Julai 2019, Mbotela Februari 2025. Wengi waliompenda Kadenge hawakupata kumwona uwanjani. Walimsikia.

Sasa nirudi kwenye kile kipande. Nilikipeleka Kibuye kwa jaduong' (mzee) mmoja ambaye enzi hizo hakukosa mechi. Alivua miwani, akaishika simu mbali na uso kama mtu anayesoma barua, akagusa kioo kwa bahati mbaya, picha ikasimama. Alishtuka akidhani ameiharibu. Nikamwonyesha namna ya kuirudisha. Aliitazama mara sita bila kusema neno. Mara ya saba akaweka ukucha juu ya winga, akasema, "Tazama bega. Usitazame mguu. Bega linakwenda kushoto, beki analifuata bega." Kisha akatikisa kichwa. "Lakini huyu si Kadenge. Kadenge asingeuachia mpira mapema hivi."

Kijana wa bodaboda aliyekuwa amesimama nyuma yetu akasema huyo winga angecheza siku hizi angekaa benchi, tena anakimbia kama kuku. Jaduong' hakukasirika. Alimwuliza kama ameona ule mpira ulivyodunda kwenye kifusi kabla ya chenga ya pili. Kijana hakuwa ameona. Tukarudisha picha. Kweli, uwanja una matuta, mpira unaruka hadi gotini, na winga anautuliza bila kupunguza mwendo. Kijana aliomba arudishiwe tena, na mara hii hakucheka.

Kuhusu kukimbia kama kuku, hilo ni kosa la mashine. Kamera ndogo za zamani zilipiga picha 16 au 18 kwa sekunde, na mtu akizihamisha leo kwa picha 25 kwa sekunde bila kurekebisha, kila mtu anaonekana ana haraka ya ajabu. Fundi anayejua kazi yake analirekebisha. Sasa fikirini ni wachezaji wangapi wamechekwa duniani kwa sababu tu fundi hakujali! Mimi hilo linaniuma.

Wanaopinga wana hoja ya pili: picha haimalizi ubishi. Wanataja goli la Geoff Hurst wa Uingereza katika fainali ya Kombe la Dunia pale Wembley mwaka 1966. Mpira uligonga mwamba ukadunda chini, mshika kibendera Tofiq Bahramov akalikubali, na Uingereza ikaifunga Ujerumani Magharibi 4-2. Kamera zilikuwapo. Miaka mingi baadaye watafiti wa Oxford walipima zile picha wakasema mpira haukuvuka mstari wote, na bado watu wanabishana hadi leo. Nakubali. Ila wale wanabishania kitu wanachokiona, kila mmoja anaweza kuweka kidole pale anapoona yeye. Sisi tunabishana nani ana babu mwenye sauti kubwa.

Tena msidhani ni sisi tu tuliopoteza. Pelé mwenyewe alisema goli lake zuri kuliko yote alilifunga tarehe 2 Agosti 1959 katika uwanja wa Rua Javari, São Paulo, dhidi ya Juventus ya jiji hilo. Aliwapitishia mabeki mpira juu ya vichwa, mmoja baada ya mwingine, akamfanyia kipa vivyo hivyo, akamalizia kwa kichwa. Hakuna filamu ya goli hilo. Baadaye lilichorwa kwa kompyuta kutokana na maelezo ya watu waliokuwapo. Waliweza kwa sababu waliokuwapo waliulizwa wakiwa bado hai.

Hapo ndipo penye haraka yangu. Aliyemwona Kadenge mwaka 1965 akiwa na miaka 15 leo ana 75 au zaidi. Na filamu zenyewe zinaoza. Zile za asetati, yaani plastiki ya filamu za zamani, zikikaa kwenye joto na unyevu kama huu wetu wa kando ya ziwa hutoa harufu ya siki, zinajikunja, zinasinyaa, na zikifika hapo hakuna fundi wa kuzirudisha. Kanda za sumaku hushika ukungu. Tena miaka ile kanda ilikuwa ghali, na vituo vya televisheni vya nchi nyingi vilirekodi kipindi kipya juu ya cha zamani. Hata Marekani, mechi ya kwanza ya Super Bowl, fainali ya mpira wao wa Kimarekani, Januari 1967, ilirushwa na vituo viwili, CBS na NBC, na hakuna kilichohifadhi kanda nzima. Nakala iliyojulikana baadaye ilitoka katika nyumba ya mtu Pennsylvania, tena ina mapengo. Mwenye kanda na ligi wakavutana juu ya thamani na haki zake. Yasije yakatupata hayo. Aliyetunza alipwe kwa kutunza kwake na jina lake litajwe, lakini nakala iwe ya watu wote.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo ni nzito. Dada mmoja anayefundisha mpira wa wasichana kule Nyalenda aliniambia, "Kaka, wewe unatafutia wafu pesa, na mimi nina mipira miwili kwa watoto arobaini." Sina jibu la kumshinda. Pesa ya kaunti ikiwa ya jambo moja tu, wape watoto mipira. Ila hatua ya kwanza ya kazi hii haihitaji bajeti: ni kuuliza nyumba kwa nyumba nani ana mkebe wa filamu juu ya kabati, na kuwaketisha wazee mbele ya simu waseme. Goli la Ryan Ogam wa Kenya lililoizamisha Morocco 1-0 pale Kasarani, Agosti 10, 2025, lilifika Kondele hapa Kisumu hata kabla ya mechi kwisha. Mwanangu atalionyesha wajukuu wake. Mimi nina nini cha kumwonyesha yeye kutoka 1965?

Basi toeni maoni, hasa mnaopinga. Na mwenye mkebe nyumbani, tafadhali usiuanike juani na usiiendeshe filamu yake kwenye projekta ya zamani, itakatika. Mkebe uweke mahali pakavu penye baridi, uandike kwenye karatasi ulitoka kwa nani na lini.

Mimi Jumamosi narudi Kibuye. Jaduong' amemtambua yule beki aliyeteleza, si kwa uso bali kwa namna anavyoinuka kwa mkono wa kushoto. Jina la kwanza amelikumbuka. La pili ameomba nimpe siku mbili tatu.