Nimesitisha usajili wa programu, nikathibitishiwa kwa maandishi, na bado nakatwa fedha: naomba ushauri

Mchapaji wa Moro (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajamvi, habari za wakati huu.

Ninaendesha duka dogo la steshenari mjini Morogoro, na sehemu kubwa ya kipato changu hutokana na kusanifu na kuchapa kadi za michango ya harusi, kadi za kipaimara na vipeperushi vya mahafali. Kwa ajili ya kazi hiyo nilijisajili kwenye programu ya usanifu ya kampuni moja ya Marekani, ambayo hulipiwa kila mwezi kwa dola, nikajaza kadi pepe niliyotengeneza kupitia kampuni yangu ya simu. Programu yenyewe ni nzuri na sina ugomvi nayo. Kazi za harusi hupungua sana Kwaresima na Ramadhani, hivyo tangu mwanzo nilipanga kulipia miezi yenye kazi na kusimama miezi isiyo na kazi, kwa kuwa ukurasa wao wa bei ulieleza wazi kwamba mteja anaweza kuondoka wakati wowote.

Kuondoka ndiko kulikonishinda. Kitufe cha kujisajili kiko katikati ya ukurasa wa kwanza, lakini cha kusitisha kimefichwa ndani kabisa ya mipangilio ya akaunti, na ukikibonyeza hakisitishi chochote, bali kinakupeleka kwenye ukurasa wa kuulizwa sababu, kisha ukurasa wa kupewa punguzo, kisha ukurasa wa kuombwa uipumzishe akaunti badala ya kuifunga, na mwisho unaambiwa uzungumze na mhudumu. Mhudumu mwenyewe ni roboti inayorudia maswali yale yale, na namba ya simu hupokelewa saa za kazi za Marekani, ambazo kwetu ni usiku. Baada ya kusumbuana sana nilipokea baruapepe inayosema usajili umesitishwa. Mwezi uliofuata nikakatwa, na mwezi huu nimekatwa tena.

Kadi hiyo huchota moja kwa moja kwenye pochi ya simu, na pochi hiyo hiyo ndiyo wateja wangu wanayotumia kunilipa. Mtu akinitumia malipo ya awali ili nikanunue karatasi za kadi zake, kampuni ya ng'ambo inaweza kuzichukua fedha hizo kabla sijafika dukani. Hilo linaniumiza kuliko kiasi chenyewe, kwa sababu fedha zile nimezipokea kwa ahadi.

Naomba kujua mambo matatu. Nikiifuta kadi, je, mambo yatakuwa yamekwisha au nitaendelea kudaiwa? Fedha zilizokwisha kukatwa zinaweza kurudi? Na hapa Tanzania mtu hupeleka wapi malalamiko ya namna hii?

Nyundo ya Kati

Mkuu, futa kadi, badilisha laini, endelea na maisha. Hawawezi kukufuata Morogoro kwa dola chache.

Mchapaji wa Moro

Ahsante kwa kunijibu, ndugu. Laini hiyo imeandikwa kwenye kibao cha duka, kwenye mihuri na nyuma ya kila kadi niliyochapa, kwa hiyo nikiitupa nitakuwa nimeyatupa mawasiliano yote ya biashara. Na hata kama ningeweza, sioni kwa nini nihame mimi wakati waliokiuka makubaliano ni wao.

Dada wa Kaunta

Kaka Mchapaji, pole sana. Nimefanya kazi ya kushughulikia malalamiko ya kadi kwa muda mrefu, na swali lako la kwanza ndilo ambalo wateja wengi hulichanganya, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu.

Kadi na usajili ni vitu viwili tofauti. Usajili ni mkataba kati yako na kampuni, na kadi ni njia tu ya kuulipia. Ukiifuta kadi huku mkataba ukiwa hai, kampuni itajaribu kukata, itashindwa, itarudia tena na tena kwa siku kadhaa, kisha itaifunga akaunti au itaandika kwamba unadaiwa. Vilevile usidhani kwamba namba mpya ya kadi inatosha kukuficha. Visa na Mastercard wote wana huduma inayowapelekea wafanyabiashara namba mpya pale kadi ya zamani inapobadilishwa, ikiwa taasisi iliyokupa kadi inashiriki, na lengo lake ni kuzuia malipo halali yasikatike. Nimewahi kuhudumia watu waliobadilisha kadi kwa sababu kama yako na wakashangaa kuona makato yamehamia kwenye kadi mpya.

Kwa hali yako, hata hivyo, mkataba umekwisha kuvunjwa na unao ushahidi wa maandishi. Makato yaliyofuata baada ya baruapepe ile hayana msingi, na unayo haki ya kuyapinga kupitia taasisi iliyokupa kadi. Kwa Visa, malalamiko ya aina hii yamewekwa katika kundi namba 13.2, la malipo ya kujirudia yaliyokwisha kusitishwa, na Mastercard nao wana utaratibu wao. Mtoa kadi wako ndiye anayefungua shauri, wala wewe huhitaji kushughulika na Visa moja kwa moja. Usichelewe, kwa sababu muda wa kupinga kwa kawaida ni siku 120, na wahudumu wa kaunta wasioijua kazi hii huweza kukuzungusha mpaka muda ukaisha.

Kabla ya kuandika chochote, tafuta risiti ya kwanza kabisa uliyotumiwa ulipojisajili, uangalie kama ulijiunga na mpango wa mwezi kwa mwezi au mpango wa mwaka unaolipwa kwa awamu za kila mwezi. Mipango hii miwili hufanana sana kwenye ukurasa wa bei, lakini ule wa mwaka mara nyingi huwa na gharama ya kuondoka mapema, na kama ndio ulionao, kampuni itautumia kujitetea.

Mchapaji wa Moro

Dada, nimeitafuta risiti na nimeipata. Imeandikwa mpango wa kila mwezi, na hakuna mahali inapotaja mwaka wala gharama ya kuondoka.

Dada wa Kaunta

Basi uko mahali pazuri. Itunze risiti hiyo pamoja na baruapepe ya kusitisha, ujumbe wa kila kato uliofuata, na picha ya ukurasa wao wa bei unaosema mteja anaweza kuondoka wakati wowote. Piga picha hiyo leo, maana kurasa za namna hiyo hubadilishwa.

Mama wa Watatu

Samahani kwa kuingilia, lakini nadhani swali langu ni la hapa hapa. Mwanangu alijiunga na mchezo kwenye simu yangu kwa siku saba za majaribio ya bure. Niliufuta mchezo wote siku ya pili, na bado nimekatwa. Je, nami nipinge kwa mtoa kadi?

Dada wa Kaunta

Mama, wewe usianzie kwa mtoa kadi. Kuifuta programu kwenye simu hakugusi usajili hata kidogo, kwa sababu usajili huo unatunzwa na duka la programu. Kama simu ni ya Android, fungua Play Store, bonyeza picha yako juu kulia, ingia Malipo na usajili, kisha Usajili, na humo utaukuta mchezo huo na kitufe cha kughairi. Ikiwa hauonekani, angalia kama simu ina akaunti nyingine ya Gmail, kwani usajili huonekana kwenye akaunti ile tu iliyotumika kujiunga. Kwa iPhone, ingia kwenye mipangilio, bonyeza jina lako lililo juu, kisha sehemu ya usajili, na kwa majaribio ya bure inakupasa ughairi angalau saa 24 kabla hayajaisha. Maombi ya kurejeshewa fedha nayo huanzia kwenye duka hilo hilo. Kaka Mchapaji alijisajili kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, kwa hiyo njia hii kwake haipo.

Mzee wa Kanuni

Ndugu Mchapaji, nijibu swali lako la tatu, kwa kuwa naona wengi humu wakisikia neno "simu" huelekezana TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano. Kadi yako ni huduma ya malipo hata kama imetolewa na kampuni ya simu, na huduma za malipo nchini husimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania kwa mujibu wa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015. Zaidi ya hapo zipo kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, za mwaka 2019, zinazomtaka mtoa huduma apokee na kushughulikia malalamiko ya mteja. Utaratibu ni kuanza na mtoa huduma mwenyewe kwa maandishi, upewe namba ya kumbukumbu, na akishindwa au akikaa kimya ndipo upande Benki Kuu ukiwa na namba hiyo mkononi. Anayekwenda moja kwa moja juu hurudishwa chini, na siku zake za kupinga muamala zinaendelea kuhesabika.

Tume ya Ushindani nayo ina wajibu wa kumlinda mlaji chini ya sheria ya mwaka 2003, na kuiandikia Tume hiyo nakala si vibaya. Nisingependa hata hivyo uweke matumaini yako yote huko, kwa sababu kampuni unayolalamikia haina ofisi hapa. Aliyeko hapa, mwenye leseni na anayeweza kuwajibishwa, ni mtoa kadi wako. Kuhusu ushahidi, usiogope kwamba kila ulichonacho ni cha kielektroniki, kwani Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazitambua baruapepe na kumbukumbu za namna hiyo kuwa ushahidi.

Mhamiaji wa Hamburg

Salamu kutoka Ujerumani. Yaliyompata ndugu yetu hayatokani na uzembe wa mtu mmoja aliyesahau kuweka kitufe mahali panapoonekana. Kampuni nyingine hujenga mlolongo huo kwa makusudi, na yapo mashauri yaliyoonyesha hivyo. Mwezi Juni 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliishitaki Amazon kuhusu huduma yake ya Prime, na ndani ya hati za mashtaka ilielezwa kwamba wafanyakazi wenyewe waliuita mlolongo wa kusitisha kwa jina la utenzi mrefu wa Kigiriki kuhusu vita vya Troya. Septemba 2025 Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5, na bilioni 1.5 kati ya hizo zilitengwa kwa ajili ya kuwarejeshea wateja.

Tume hiyo ilitoa pia kanuni Oktoba 2024 ya kulazimisha kusitisha kuwe kwepesi kama kujiunga, lakini mahakama ya rufaa ikaibatilisha Julai 2025 kwa kasoro za utaratibu, siku chache kabla haijaanza kutumika kikamilifu. Huku niliko jambo hili lilikwisha kuamuliwa. Tangu tarehe 1 Julai 2022, kampuni inayouza usajili mtandaoni ni lazima iweke kwenye tovuti yake kitufe cha kuvunja mkataba kinachoonekana kwa urahisi, na ni lazima ikuthibitishie mara moja kwa maandishi. Isipokiweka, mteja anaruhusiwa kuondoka wakati wowote bila kutoa taarifa ya awali. Nimekitumia kitufe hicho mwenyewe na kazi iliisha kabla chai haijapoa. Teknolojia ni ile ile na mara nyingi kampuni ni zile zile, kwa hiyo mtu asikubali kuambiwa kwamba mfumo hauruhusu.

Sheria hiyo haimlindi mteja aliyeko Morogoro, nalijua hilo. Lakini ukiwaandikia, waeleze kwamba wanao uwezo wa kufunga akaunti bila simu, kwa kuwa kama wanauza Ujerumani wanalazimika kufanya hivyo kila siku.

Mchapaji wa Moro

Nawashukuru wote. Mzee, nikiwaandikia mtoa kadi na kampuni, niseme nini ili nisiache mwanya?

Mzee wa Kanuni

Kwa kampuni, andika barua fupi isiyoeleza hasira. Taja akaunti, taja tarehe ya baruapepe yao ya kusitisha na uiambatishe, orodhesha kila kato lililofuata pamoja na tarehe na kiasi, useme kwamba umeondoa ridhaa yako ya kadi hiyo kukatwa, na udai marejesho ndani ya muda utakaoutaja. Usijibu maswali yao kuhusu sababu za kuondoka wala usikubali punguzo, kwa sababu ukikubali punguzo wanaweza kudai kwamba umeufufua mkataba. Kwa mtoa kadi, peleka nyaraka zile zile, uombe mambo mawili kwa kuyatenganisha, yaani kupinga makato yaliyopita, na kumzuia mfanyabiashara huyo asikate tena. Watu wengi huomba la kwanza tu, na mwezi unaofuata wanakatwa upya.

Bi Mkubwa wa Tanga

Mwanangu, wakati unasubiri, linda fedha za wateja. Omba lipa namba ya biashara na uibandike dukani, kwa sababu malipo yanayoingia huko hayakai pamoja na pochi yako ya kawaida ambayo kadi inachota. Mimi nauza vitenge na nilitenganisha hivyo zamani, nikawa na amani.

Mchapaji wa Moro

Shikamoo Bi Mkubwa, na ahsante sana. Nimefanya hivyo, lipa namba ipo ukutani tangu jana. Barua kwa kampuni nimeituma, na kwa mtoa kadi nimefika mwenyewe na nyaraka zote. Kijana wa kwanza aliniambia miamala ya nje hairudishwi, nikamtajia kundi la 13.2, akamwita msimamizi wake. Malalamiko yamepokelewa, kizuizi kimewekwa, na namba ya kumbukumbu nimepewa kwa maandishi. Kampuni bado haijajibu.

Dada wa Kaunta

Umefanya vizuri, kaka. Nikuongezee jambo moja. Ukiona fedha zimerudi mapema, uliza kwanza kama ni marejesho ya mwisho au ya muda, kwa sababu kampuni hupewa nafasi ya kuleta utetezi, na ikishinda, fedha hizo huondolewa tena. Usizinunulie karatasi mpaka mtoa kadi akuthibitishie kwamba shauri limefungwa.