Intaneti ya ploti: kampuni kubwa, ya umma, au tuanzishe ushirika?

MjukuuWaUmoja
Wadau, habari za jioni. Ploti yetu ina ghorofa sita na karibu kila nyumba inalipia faiba ya kampuni moja. Ikikatika, sote tunapiga simu ile ile na kuambiwa tusubiri. Jirani anataka tuchange tuwe na mtandao wetu. Mwingine anasema tungoje serikali, mbona sokoni kuna Wi-Fi ya bure? Njia ipi ina maana?

FundiWaya
Ya sokoni ni ya kutuma ujumbe ukinunua sukuma, si ya kufanyia kazi nyumbani. Serikali imejikita zaidi kwenye nyaya kuu, kama NOFBI inayofikisha faiba kwenye kaunti. Kenya Power nayo ina faiba juu ya laini za stima, ila inaikodisha kwa kampuni za mawasiliano.

Ukitaka kuona ya umma inayofika mpaka mlangoni, tazama Chattanooga kule Marekani. EPB, shirika la stima la mji wenyewe, lilianza kuuza intaneti ya kasi ya Gbps 1 (gigabiti moja kwa sekunde) mwaka 2010. Faiba hiyo hiyo huwaonyesha stima imepotelea wapi, kwa hiyo haikujengwa kwa ajili ya intaneti peke yake. Na bado majimbo kadhaa Marekani yana sheria za kuzibana halmashauri zisifanye biashara hiyo. Nairobi sioni dalili ya mtandao wa umma kama huo.

BintiKibra
Kwani lazima iwe serikali au kampuni? Huku kwetu Kibra kuna TunapandaNET, mtandao wa jamii ulioanza kwa kuunganisha shule na vituo vya vijana kwa antena za paa hadi paa. Masomo mengine yamo kwenye seva ya humu humu mtaani, hayali bando la nje. Na tangu 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ina utaratibu wa leseni kwa mitandao ya jamii, kwa hiyo msifanye kichinichini.

MwekaHazinaMstaafu
Vijana, mnazungumzia antena. Mimi nauliza daftari. Nimeshika hela za vyama miaka mingi. Mwezi wa kwanza kila mtu analipa. Wa nne, huyu amehama, yule anasema hatumii sana. Kampuni inakukatia bila aibu. Wewe utamkatia mama wa chini ambaye mtoto wake ana mtihani?

BintiKibra
Mzee, hapo umegusa penyewe. Ndiyo maana kanuni ziandikwe kabla ya kununua hata ruta moja.

FundiWaya
Lancashire, Uingereza, B4RN, mtandao wa jamii wa vijijini, walifaulu kwa sababu wakulima walichimba mitaro kwenye mashamba yao wenyewe. Hapa ukigusa barabara unahitaji kibali cha kaunti. Kwa hiyo kaeni ndani ya ploti: laini moja ya biashara, swichi (kifaa cha kuigawa laini hiyo), waya hadi kila nyumba, betri ya kuhimili stima ikipotea.

Ila msidanganyane, laini hiyo mtainunua kwa kampuni hizo hizo mnazozikimbia. Ikikatika barabarani, mmekatika wote. Labda muweke ya pili ya akiba kutoka kampuni nyingine, jambo ambalo nyumba moja peke yake hailiwezi. Pia someni mkataba: laini nyingi za nyumbani haziruhusu kuuziwa majirani. Na fundi alipwe kila mwezi, hata mwezi ambao hakuna kilichoharibika. Wa kujitolea hapokei simu saa tatu usiku.

MjukuuWaUmoja
Kumbe bei haitashuka sana?

FundiWaya
Kidogo, mkiwa wengi. Mtakachopata hasa ni fundi anayewajua, na nyinyi kuamua nani apewe kasi ipi jioni watu wote wakirudi.

MwekaHazinaMstaafu
Anza na nyumba zilizo tayari kulipa miezi mitatu mbele. Zisipofika kumi, baki na kampuni yako. Na landilodi umeshamwuliza? Paa na ngazi ni zake.

MjukuuWaUmoja
Bado, mzee. Keateka ameshaanza kuuliza yeye atapata nini.