Waandishi wa habari na sisi tunaokusanya midoli: mkikosa kichaa mnatafuta mchawi

Wakuu salaam. Mods naomba huu uzi msiuhamishie kule kwenye vichekesho, najua mtatamani.

Nina hasira na nitaandika ndefu, asiye na muda apite. Mimi ni mama mtu mzima, fundi cherehani, niko Mwanga hapa Kigoma, na nakusanya midoli. Midoli ya kawaida ya plastiki, ile inayokuja kwenye mabelo ya mitumba ikiwa uchi na nywele zimesokotana, nainunua, naiosha, naichana, naishonea nguo kwa vipande vya vitenge vinavyobaki mezani, naipanga kabatini. Basi. Stori imeishia hapo. Ila ukiangalia vyombo vya habari vinavyotuandika sisi watu wazima wenye hii hobi, vya hapa na vya huko nje, unakuta stori wanayo wao tayari, wameshaimaliza kuiandika kabla hawajapanda bodaboda kuja kwako, wanachokuja kuchukua ni sura yako tu ya kuibandika juu.

Kwangu walikuja vijana wawili wa TV ya onlaini, jina siwatajii, mmoja maiki mmoja kamera. Shikamoo mama, marahaba wanangu, nikawatolea soda. Swali la kwanza, wallahi la kwanza kabisa hata jina hajaniuliza: "Mama, ulifiwa na mtoto?" Nikamwambia hapana, nina watoto watatu, wazima wa afya, mkubwa yuko chuo Dodoma na huyu wa mwisho ndo kawafungulia geti sasa hivi. Yule kijana akakatika stimu kabisa, unaona usoni. Akamwangalia mwenzake. Akarudi tena, "lakini mimba je mama, haijawahi kutoka?" Yani umemkaribisha mtu ndani, soda yako anakunywa, anakuchungulia tumbo mbele ya kamera!

Afu wakaomba tufunge mapazia na kuzima taa, ati mwanga wa nje unaharibu picha. Saa tisa mchana. Halafu nimchukue yule mdoli mkubwa mwenye macho ya kufumba nimlaze kifuani, "kama unamnyonyesha hivi mama". Nikakataa. Nikamweka mapajani nikawa namchana nywele huku nawaeleza kuhusu hayo macho, kwamba ndani ya kichwa macho yameunganishwa na kichuma kizito, ukimlaza kichuma kinavuta yanafumba, ukimwinua yanafumbua, na ufundi wenyewe ni wa zamani, tangu karne ya 19 midoli ya Ulaya ilikuwa nao. Nikamlaza nikamwinua, nikamlaza nikamwinua, mbele ya kamera yao waone.

Nendeni mkaone walichotoa. Maelezo yote hayapo. Watoto wangu watatu hawapo, wamekatwa. Kilichobaki ni mimi gizani nachana nywele, video imepunguzwa kasi, chini wameweka kinanda cha muvi za kutisha, na kwenye kava mshale mwekundu, duara jekundu kwenye macho ya mdoli, na maandishi: MAMA WA KIGOMA NA MIDOLI YAKE, USIKU YAFUMBUA MACHO.

Yanafumbua kwa sababu nimemwinua!!!

Na hapo neno lililofanya kazi kubwa kuliko yote ni hilo la Kigoma. Tunajijua jinsi tunavyosemwa na nchi hii, ukitaja Kigoma mtu wa Dar anacheka anakuuliza waganga wanaendeleaje. Kwa hiyo mwandishi hahitaji hata kuandika uchawi, anaandika Kigoma na midoli kwenye mstari mmoja, komenti zinamalizia zenyewe. Hivi hivi vitu ningekuwa nimevipanga kwenye sebule ya Masaki na taa za rangi rangi ingeitwa hobi, ingewekwa kwenye kipindi cha maisha na mitindo. Mwaka 2025 si walivuma wale Labubu wenye meno, watu wazima wanawaning'iniza kwenye mikoba? Niliwasoma waandishi wanasifia fasheni mpya, wasanii wakubwa wa nje wanao, afu wengine wakageuka wakaandika ati ni pepo la kale la huko Mesopotamia. Ndo nachosema, wana makabati mawili tu ya kuwekea mdoli wa mtu mzima, la staa na la shetani, fundi cherehani wa Mwanga hana lake.

Samahani, lipo la tatu. La hela.

Maana haikuisha siku mbili blogu fulani ikadaka klipu ile ikaja na yake, kwamba mama huyu anakaa na utajiri ndani bila kujua, ana Barbie wa mwaka 1966 mwenye thamani ya mamilioni. Wameutoa wapi mwaka? Mgongoni kwa mdoli. Sasa sikilizeni na nyie msije kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mabarbie kibao wana maandishi Mattel 1966 (Mattel ndo kampuni inayowatengeneza) pale chini ya kiuno kwa nyuma, huo ni mwaka wa kusajili umbo la mwili, lile la kiuno kinachozunguka, na kampuni iliendelea kuupiga mhuri huo huo miongo kadhaa. Mdoli katoka kiwandani miaka ya tisini bado mgongoni kaandikwa 1966. Ukitaka kukadiria umri unaangalia nchi iliyoandikwa pale chini, kama ni Indonesia basi hata Barbie wa miaka ya sabini sio, unaangalia na alama ya kwenye kichwa, ukingo wa shingo kwa ndani, nayo ni tarehe ya umbo la kichwa. Haya nayajua mimi niliyejifunza kwa bando la simu, yeye mwenye kitambulisho cha habari hajui na hajauliza. Huyo wa kwangu nilimnunua elfu moja na mia tano, mguu umetafunwa na mbwa wa Mzungu huko alikotoka.

Ati mamilioni. Wakibanwa wanataja yule Barbie aliyeuzwa New York 2010 kwa dola 302,500. Kweli aliuzwa, mnada wa Christie's. Ila malizieni na sentensi inayofuata: shingoni alivaa almasi halisi, kazi ya sonara Stefano Canturi wa Australia, na hela ilikwenda kwenye utafiti wa saratani ya matiti. Watu walinunua almasi na sadaka, mdoli alikuwa hapo kama mhudhuriaji. Matokeo ya kuandika nusu nusu nimeyapata mimi, watu siwajui wanagonga geti usiku wanataka kuona "ule wa mamilioni", mwenyekiti wa mtaa kaja kuniuliza kwa upole kama kuna tatizo lolote nyumbani, na mteja mmoja kaja kuchukua kitambaa chake cha harusi nilikuwa nimeshakikata. Kilichoniuma zaidi ni hicho kitambaa.

Huko nje hawana nafuu, msidhani. Kuna ile midoli wanaita reborn, inayofanana na mtoto mchanga mpaka unashtuka. Mwaka 2016 mji wa Keene, jimbo la New Hampshire, polisi alivunja kioo cha gari kuokoa mtoto kwenye joto, kumbe mdoli. Habari ikazunguka dunia nzima, na ladha yake ilikuwa moja: oneni wanawake hawa walivyo. Hebu fikirini kidogo, askari kasimama dirishani kaamini ni mtoto, huyo aliyemtengeneza ni fundi wa kiwango gani? Ile kazi rangi inapakwa tabaka kwa tabaka nyembamba, kila tabaka linaokwa kwenye oveni likauke, mishipa ya damu inachorwa chini ya ngozi, nywele za mohea (manyoya ya mbuzi) zinadungwa kwa sindano unywele mmoja mmoja, na ndani wanaweka shanga ndogo za kioo apate uzito wa mtoto. Mwandishi kapita juu ya hayo yote kwenda kutafuta nani kalia.

Na wapo kweli wanaonunua kwa sababu wamefiwa. Wapo, sibishi. Kuna nyumba za wazee Uingereza wanawapa midoli wazee waliopoteza kumbukumbu na wengine wanatulia. Sasa huyo aliyefiwa kosa lake nini mpaka umpigie kinanda cha mashetani? Mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, mwenye msiba mtendeeni kama mwenye msiba, na sisi tusio na msiba msitufiwishe kwa nguvu.

Nakereka zaidi na ile sentensi yao ya "licha ya umri wake". Licha ya umri wangu nini? Nani kawaambia mdoli alianza kwa mtoto? Barbie mwenyewe alizinduliwa New York Machi 1959, Ruth Handler, mama aliyembuni, alimwiga kutoka kwa mdoli wa Kijerumani anaitwa Bild Lilli wa 1955, na Lilli aliuzwa mpaka kwenye vibanda vya sigara kwa wanaume watu wazima kwa sababu alitoka kwenye katuni ya gazeti. Gazeti! Nyie nyie. Na Blythe, yule kichwa kikubwa ukivuta kamba nyuma macho yanabadilika rangi, kampuni ya Kenner ilimtoa 1972 watoto wakamkataa, mwaka mmoja tu akaondolewa dukani. Aliyemfufua ni mtu mzima, Gina Garan, mpiga picha, alikuwa anasafiri naye anampiga picha, picha zikatoka kitabu mwaka 2000 na mwaka uliofuata kampuni ya Takara ya Japani wakaanza kumtengeneza upya. Watoto walimtupa, watu wazima wakamwokota. Na hapa kwetu, Wazaramo wana mwana hiti, kisanamu cha mti alichokuwa anapewa mwali akiwa ndani, mkienda makumbusho mnapiga picha mnaandika utamaduni.

Tena tusiende mbali, hapo Ujiji kwenye makumbusho ya Livingstone kuna masanamu, Livingstone na Stanley wanasalimiana, makubwa kama watu, watu wanalipa kiingilio. Sijaona mwandishi kamvuta mtunzaji pembeni kumuuliza mke wake anajisikiaje. Na jirani zetu Tabora, akitokea mzee ana ile rupia 15 ya dhahabu yenye tembo, Wajerumani waliyoipiga hapo Tabora 1916 vita vikiwa vimewabana, mtamwandika mhifadhi wa historia, na haki yake. Mwenye kabati la jezi za zamani za Simba au Yanga mnamwita shabiki kindakindaki. Hakuna anayeulizwa mimba.

Mnaweza kuniuliza mlitaka waulize nini sasa. Mbona maswali yapo tele? Waniulize wino wa peni usoni kwa mdoli unatokaje, maana watoto wa Kizungu sijui wana nini na peni, ningewaambia napaka dawa ya chunusi yenye benzoyl peroxide, nafunga na nailoni, naanika juani siku kadhaa nikichungulia chungulia kwa sababu ukizidisha na rangi ya ngozi inapauka ubaki na baka jeupe. Waniulize kwanini mabarbie wa mwanzo wanaota kijani masikioni, ni hereni za chuma zinaoza zinatia rangi kwenye plastiki. Waniulize kwanini mdoli mweusi anakuja mmoja kwenye belo zima, na huyo mmoja mwenyewe nywele zake za singa. Hapo ndo penye habari jamani! Barbie ana miaka zaidi ya ishirini sokoni ndo 1980 anatoka wa kwanza mweusi mwenye jina la Barbie kabisa, kambuni mama mweusi, Kitty Black Perkins, kabla yake mweusi alikuwa rafiki wa Barbie, Christie, tangu 1968. Mimi naichomoa ile singa nawadungia nyuzi za rasta naisuka twende kilioni, na mdoli wa hivyo alikuwa kwenye meza, mbele yao, kijana wa kamera kamsogeza pembeni ili apate nafasi ya kuweka soda.

Nimempigia simu yule kijana wa TV aondoe ile video au arudishe sehemu ya watoto wangu. Kajibu "mama mbona imekupa umaarufu", afu kasema kama naitaka ishuke kuna gharama za usumbufu. Usumbufu wa nani?

Kwa hiyo nauliza kwa mwenye uzoefu. Najua Baraza la Habari wanapokea malalamiko, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wana kamati ya maudhui. Hawa wa onlaini unaanzia wapi, na kama chaneli sijui hata ina leseni au haina nafanyaje? Video nimeshaidownload yote na namba yake ya simu ninayo, na ile sauti ya kuomba hela ninayo pia. Wa kuja PM kuniombea dua naomba asije, na wa kuja PM kuuliza huyo wa 1966 namwachia bei gani, ni elfu mbili, mguu uliotafunwa ndo huo huo.