Tupeane uzoefu: Uliwahi kuripoti madudu ya halmashauri ukiwa mtumishi? Nini kilikulinda?

Dokezo Sabili (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za muda huu. Mimi ni mtumishi wa halmashauri, idara naomba niiache. Kuna mradi mmoja wa ujenzi ambao ofisi nzima inajua kinachoendelea na hakuna anayefungua mdomo. Nikiwauliza wenzangu pembeni, jibu ni lile lile: sheria ya kutulinda ipo, ila haitakuwepo siku mkuu wa idara anakuita ofisini kwake.

Sheria yenyewe nimeisoma. Ni ile ya hapa Tanzania ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, Sura ya 446. Ukitoa taarifa kwa nia njema kwa mamlaka inayohusika, huwezi kushtakiwa kwa jinai wala madai kwa kuitoa, na mwajiri haruhusiwi kukufukuza, kukusimamisha, kukutisha au kukubagua kwa sababu hiyo. Kwenye karatasi imenyooka kabisa. Ninachotaka ni kusikia kutoka kwa waliopita njia hiyo. Ulipeleka wapi, ulipelekaje, na baada ya pale maisha yakawaje?

Tafadhali tusitaje halmashauri wala majina ya watu. Na wale wa "nchi nzima imeoza", nawaomba leo mpumzike.

Boza la Maji

Nimekaa siti ya mbele. Mimi sijawahi kuripoti mtu, ila nimeripotiwa. Nitarudi.

Mama Zahanati

Mimi ni muuguzi. Nilikuwa kwenye kamati ya mapokezi ya kituo chetu. Siku moja naletewa fomu ya kupokea dawa za mshitiri (yule msambazaji binafsi aliyeingia mkataba na serikali) nisaini, naangalia stoo, maboksi yaliyopo hayafanani na yaliyoandikwa. Nikaambiwa "saini tu, mengine yako njiani." Sikusaini. Nikaenda kwa mkubwa mmoja wilayani, nikamweleza kwa mdomo, kama tunavyoelezana mambo yote ya kazi. Akanishukuru sana, akaniambia nina moyo wa uzalendo.

Haukuisha muda mrefu ikaja barua. Nimehamishiwa zahanati ya mbali, huko ambako mvua ikianza gari halifiki. Naomba msikie vizuri hapa: ile barua haikuwa na neno baya hata moja. "Ili kuboresha utoaji wa huduma." Sasa unalalamikia nini? Sijafukuzwa, sijasimamishwa, mshahara unaingia kama kawaida. Ukienda kusema umeonewa unaulizwa, kwani watumishi wa serikali hawahamishwi? Na yule mkubwa nilipomtafuta alisema hakumbuki mazungumzo kama hayo.

Kwa hiyo hiyo sheria ya Dokezo Sabili mimi sikuwa nayo kabisa, kwa sababu hakuna karatasi inayoonyesha kwamba niliwahi kuripoti chochote. Adhabu ilikuwepo, ila nilichoadhibiwa nacho hakikuwepo mahali popote.

Mgeni Kazini

Dah, pole dada. Na hela ya uhamisho walikupa?

Mama Zahanati

Hapo ndipo nilipopata pumzi. Shangazi yangu aliwahi kuwa afisa utumishi, akaniambia uhamisho wa mwajiri una stahiki zake: nauli yako na ya familia, mizigo, posho ya usumbufu. Nikaandika barua kwamba niko tayari kuripoti kituo kipya, naomba stahiki zangu. Fedha hazikuwepo. Nikabaki pale pale kituo cha zamani nikisubiri fungu, nikinuniwa na kila mtu hadi mganga mfawidhi alipobadilishwa. Sitasema nilishinda. Nilichelewesha tu.

Wino wa Kijani

Naomba nichangie kama mkaguzi wa ndani wa siku nyingi, nimefanya halmashauri zaidi ya moja.

Watu wanahangaika sana na kuficha jina. Jina siyo tatizo kubwa. Kinachokuuza ni taarifa yenyewe. Chukua mradi wa fosi akaunti, yaani ule ambao halmashauri inasimamia ujenzi yenyewe bila mkandarasi mkuu: kuna kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi na kamati ya ujenzi, na kila moja inaona kipande chake. Ukiandika kwamba saruji iliyoshushwa ilikuwa pungufu na shehena ya pili ililetwa usiku, wanaojua hilo ni watu wawili au watatu. Hata usipoweka jina, umeshajitaja kwa njia nyingine. Nimeona barua isiyo na jina ikisomwa kwenye kikao cha menejimenti, na kabla haijafika ukurasa wa pili watu wameshageuka kumwangalia mwandishi.

Njia niliyoona ikiwalinda watu vizuri kuliko zote ni kuifanya taarifa iwe hoja ya ukaguzi. Huji kwangu na barua. Unakuja unaniambia, "mzee, kwenye sampuli yako ya robo hii usiache kupitia vocha za mradi fulani, linganisha na leja ya stoo." Basi. Mimi nina haki ya kupitia hizo vocha hata bila kuambiwa na mtu. Nikikuta pengo naliandika kama nilivyolikuta, na hoja inazaliwa ikiwa yangu. Hakuna wa kumtafuta. Wakaguzi wa CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, nao wanapokuja kila mwaka kukagua hesabu, wanaelekezwa hivyo hivyo. Ripoti ya CAG lazima imfikie Rais kabla Machi haijaisha, halafu inakwenda bungeni, na hoja za halmashauri zinajibiwa mbele ya LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa. Mkurugenzi akiwa kule hana muda wa kuuliza nani alinong'ona.

Ila niseme na upande wa pili. Mkaguzi wa ndani ofisi yake iko korido moja na ya mkurugenzi anayemkagua, na gari na mafuta ya kwenda kukagua mradi anamwomba huyo huyo. Wapo wenzangu waliochoka. Kwa hiyo mpime mtu kabla hujamfuata.

Mgeni Kazini

Mzee Wino, na kupiga 113 je? Si wanasema jina linabaki siri?

Wino wa Kijani

Ndiyo. 113 ni ya TAKUKURU, ile taasisi ya kupambana na rushwa, na ni bure, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inakataza kumtaja mtoa taarifa. Sina shaka na hilo. Nasema tu kwamba siku mchunguzi anafika kwenu na kuomba faili moja maalum, masijala anajua ni faili gani limeombwa, na jioni idara nzima inajua. Ukipiga simu, omba waombe mafaili mengi pamoja, lako likiwa humo ndani. Huwa wanaelewa.

Chaki Mbili

Kwetu walimu kuna jirani yangu wa shule ya pili alipiga picha taarifa ya mapato na matumizi ya fedha za ukarabati na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Wazazi waliwaka kweli, diwani akaja. Aliyeandikiwa barua ya kujieleza ni mwalimu, kwa kutoa nyaraka za ofisi bila kibali. Ile habari ya fedha iliishia kwenye kikao cha kamati ya shule. Yake yeye ilifika TSC, Tume ya Utumishi wa Walimu.

Ndugu zangu, "mamlaka inayohusika" ndiyo roho ya ile sheria. Kundi la WhatsApp siyo mamlaka. Ukurasa wa mwanaharakati siyo mamlaka, hata awe na wafuasi laki ngapi. Ukipitia huko umeacha ngao nyumbani, na ukiwa umebeba karatasi yenye muhuri wa SIRI unaweza kujikuta wewe ndiye mshtakiwa.

Boza la Maji

Nimerudi. Niliahidi.

Niliwahi kuwa mkuu wa kitengo. Ilipelekwa barua kwamba nagawa mikopo ya asilimia kumi kwa vikundi vya ndugu zangu. Mnajua ile ya nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Nilisimamishwa kupisha uchunguzi. Watoto wangu walisikia shuleni kwamba baba yao mwizi. Vikundi vikahakikiwa kimoja kimoja, hakuna ndugu hata mmoja, nikarudishwa. Barua iliandikwa na mtu aliyetaka kukaimu nafasi yangu, na kweli aliikaimu muda wote niliokuwa nje.

Sisemi msiripoti. Nasema humu naona kila anayeripoti ni malaika. Sheria imeweka maneno "nia njema" kwa ajili ya watu kama mimi.

Chaki Mbili

Pole kaka. Lakini uchunguzi si ndio ulikusafisha? Bila ile barua kuhakikiwa, minong'ono ingekufuata mpaka unastaafu.

Boza la Maji

Rahisi kusema ukiwa hukukaa nyumbani ukiangalia dari.

Mtendaji Mstaafu

Wanangu, nimesoma yote, shikamooni mnaostahili. Nilikuwa mtendaji wa kata. Nitaeleza yangu kwa kirefu kidogo maana naona Mama Zahanati amekosa kitu kimoja ambacho mimi nilikuwa nacho, nacho ni muhuri wa masijala.

Kata yangu ilikuwa na mnada mkubwa na mashine za POS za kukusanyia ushuru. Mkusanyaji anatoa risiti vizuri kabisa, mashine inasoma, lakini hela ya benki haifiki inakosoma mashine. Nilipouliza nikaambiwa kuna mashine "imeharibika" na makusanyo yake yanashughulikiwa makao makuu. Kila mwezi inaharibika nyingine. Ripoti za CAG zimelia sana na jambo hili la fedha za POS zisizopelekwa benki, kwa hiyo sikuwa nabuni.

Niliandika barua kwa mkurugenzi, nakala kwa Katibu Tawala wa Mkoa na TAKUKURU wilaya. Sikuandika neno wizi wala ufisadi. Niliandika: mashine namba fulani, tarehe fulani, ilisoma kiasi hiki, na stakabadhi ya benki inasoma kiasi hiki, naomba mwongozo. Mtu akiomba mwongozo utamshtaki kwa lipi? Nikapeleka mwenyewe masijala, nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Nakala nyingine ikalala kwa dada yangu.

Mwezi uliofuata nikapata hati ya mashtaka. Siyo ya POS, aa wapi. Utoro kazini. Eti sikuonekana kituoni zaidi ya siku tano mfululizo bila ruhusa. Kosa hilo linatosha kukufukuzisha kazi, wanaolichagua wanajua wanachofanya. Kamati ya uchunguzi ikaundwa, nikajieleza, sikusikilizwa, nikafukuzwa.

Vijana wakaniambia nenda CMA haraka, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi. Mwanasheria wa chama chetu cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, TALGWU, ndiye aliyenishika mkono. Akasema mtumishi wa umma tangu marekebisho ya sheria ya 2016 haruhusiwi kukimbilia huko kabla hajamaliza njia za ndani ya utumishi wa umma. Ukienda, utarudishwa mlangoni, na wakati unazunguka siku zako 45 za kukata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma zinakatika. Wangapi wamepotea hapo! Tukakata rufaa Tume. Nikaambatisha daftari la mahudhurio la ofisi ya kata, mihtasari ya vikao vya WDC, kamati ya maendeleo ya kata, nilivyoviendesha ndani ya hizo siku za "utoro" na kusainiwa na diwani mwenyewe, na ile barua yangu yenye muhuri. Tarehe ndizo zilizoongea. Barua ya POS imepokelewa, kisha utoro umeanza kuhesabiwa siku chache tu baadaye.

Nilirudishwa kazini na malimbikizo yangu. Mashine ziliendelea kuharibika miaka miwili mingine, hadi makusanyo yalipohamia kwenye TAUSI, mfumo wa kielektroniki wa mapato ya halmashauri, na namba za malipo.

Dokezo Sabili

Mzee shikamoo. Hii ndiyo niliyokuwa naisubiri. Swali: ulipata wapi nakala za zile stakabadhi za benki bila kuingia kwenye kosa la yule mwalimu?

Mtendaji Mstaafu

Marahaba mwanangu. Sikuzitoa. Nilinukuu namba, tarehe na kiasi kwenye barua, basi. Stakabadhi zilibaki kwenye faili lake. Mchunguzi anayo mamlaka ya kuzifuata, wewe kazi yako ni kumwonyesha droo. Ninachowahimiza vijana wawe nacho nyumbani ni karatasi zao wenyewe: barua zao, ruhusa zao, tathmini zao za kazi zikiwa bado nzuri. Tathmini ikishuka ghafla baada ya kuripoti, ile ya zamani ni shahidi.

Mgeni Kazini

Na kama mkaguzi wa ndani naye yumo, na mkurugenzi yumo, na diwani ndiye mwenye tenda?

Wino wa Kijani

Basi unaruka ngazi, na sheria inakuruhusu. Katibu Tawala wa Mkoa ana watu wake wa serikali za mitaa. CAG ana ofisi mikoani. Kwa diwani na mkurugenzi ipo Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Ukitaka kufuatilia kwa namba, ingia e-Mrejesho, mfumo wa serikali wa kupokea malalamiko mtandaoni. Chagua moja kulingana na jambo lako, upeleke pamoja na zile tarehe alizosema mzee. Usisambaze sehemu tano kwa siku moja. Nimeona mafaili ya namna hiyo: kila ofisi inaandika kwamba suala linashughulikiwa na ofisi nyingine, na zote zinasema kweli.