Gavana mkongwe mwenye mienendo ya ajabu akiomba kura tena: wapiga kura humwonaje?

Mwalimu wa Katuba (Lubumbashi)

Ndugu zangu, salamu. Ninafundisha somo la uraia katika shule moja ya sekondari hapa Katuba, na wanafunzi wangu wa darasa la mwisho wamejichagulia mada ya mjadala: je, mzee aliyekwisha kutawala, tena mwenye sifa ya vituko, akirudi kuomba kura apewe? Nimewaletea mfano wa mbali kwa makusudi, ili wasianze kurushiana majina ya wakubwa wa hapa kabla hawajafikiri. Mfano wenyewe ni Jerry Brown wa California, Marekani, aliyekuwa gavana tangu 1975 hadi 1983, kisha akaomba kiti kilekile mwaka 2010 akiwa na miaka 72, na akakipata.

Miaka ile ya kwanza alikataa kuhamia jumba jipya lililojengwa kwa ajili ya magavana, akapanga nyumba ya ghorofa, na akawa anatumia Plymouth ya kawaida badala ya gari la kifahari. Kabla ya hapo alikuwa amepita katika seminari ya Wajesuiti. Baada ya hapo alikwenda Japani kujifunza tafakuri ya Zen na akafanya kazi kwa Mama Teresa huko Calcutta. Darasa langu limegawanyika. Wengine wanaona huo ni unyenyekevu wa kweli; wengine wanasema ni maigizo ya mtu aliyezaliwa ndani ya siasa, kwa kuwa baba yake, Pat Brown, alikuwa gavana wa jimbo hilohilo kuanzia 1959 hadi 1967. Wapiga kura wenyewe walimwonaje aliporudi, na sisi wa Haut-Katanga tunaweza kupima nini kwa kipimo hicho?

Mzaliwa wa Kamalondo (Oakland)

Mwalimu, nimefurahi kuona swali hili linatoka nyumbani. Mimi ninaishi Oakland, mji ambao Brown aliuongoza kama meya kuanzia 1999 hadi 2007, na wenyeji niliozungumza nao hawaanzi na habari za Plymouth. Wanamkumbuka meya aliyetaka watu elfu kumi wahamie katikati ya mji, na maghorofa yakajengwa kweli, huku wapangaji wa kipato kidogo wakilalamika kwamba wanasukumwa pembeni. Wanamkumbuka pia kwa kuanzisha shule ya sanaa na shule yenye nidhamu ya kijeshi. Hiyo ya pili iliwashangaza wengi waliomdhania kuwa mtu wa maua na tafakuri tu.

Ninayasema haya kwa sababu watu wengi wakisimulia ushindi wa 2010 huruka moja kwa moja kutoka 1983, kana kwamba mzee alikuwa amelala pangoni. Ukweli ni kwamba alishindwa kuingia Seneti mwaka 1982, na katikati hapo akagombea urais kwa mara ya tatu mwaka 1992 akikataa mchango wowote unaozidi dola 100, akashuka hadi kwenye umeya, akapanda tena kuwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Miaka ya sabini mwandishi wa gazeti la Chicago, Mike Royko, alimpachika jina la kejeli, Moonbeam, yaani mwali wa mwezi, na watu walilishikilia kwa sababu ya mawazo yake kama lile la jimbo kuwa na setilaiti yake. Lakini mtu aliyesimamia polisi na takataka za mji mgumu kama huu hawezi tena kuitwa mwota ndoto kwa urahisi.

Mpinzani wake wa 2010, Meg Whitman, aliyekuwa mkuu wa eBay, kampuni ya mnada wa mtandaoni, alitumia zaidi ya dola milioni 140 za mfukoni mwake na bado akaangushwa kwa tofauti kubwa. Jirani yangu, mama aliyekuwa dereva wa basi, anasema alimchagua Brown kwa sababu umri ule haukumwachia cheo kingine cha kukimbilia, na kwamba mtu asiye na pa kukimbilia huketi akafanya kazi.

Mwanasheria wa Kampemba (Lubumbashi)

Naomba niongeze jambo ambalo wanafunzi wasipolijua mjadala wao utaelea hewani. California iliweka kikomo cha mihula miwili kwa gavana mwaka 1990, lakini sheria hiyo haikuhesabu mihula iliyotangulia, na ndiyo maana Brown aliweza kurudi na kupata mihula miwili mingine kamili. Kurudi kwake, basi, kulitokana pia na tarehe ya sheria.

Jambo la pili ni zito zaidi. Kule gavana huchaguliwa na wananchi wenyewe. Kwetu, kwa kifungu cha 198 cha Katiba ya 2006, gavana na makamu wake huchaguliwa na wabunge wa jimbo kwa muhula wa miaka mitano unaoweza kurudiwa mara moja tu, kisha Rais wa Jamhuri huwaidhinisha kwa amri. Hata Moïse Katumbi, ambaye mapenzi ya watu wa hapa kwake yalikuwa yakionekana uwanjani na barabarani, mwaka 2007 alipata ugavana wa Katanga kwa kura za wabunge. Kwa hiyo mkaaji wa Katuba anaweza kumpenda au kumchoka mzee fulani apendavyo. Kuhusu ugavana, hisia zake hazina sanduku la kutumbukizwa. Zinalo sanduku anapochagua mbunge, na hapo ndipo darasa lingeuliza: mbunge huyu atampa nani kura yake, na kwa sababu gani?

Mama wa Ruashi

Sheria tumezisikia, baba mwanasheria, na tunashukuru. Mimi nasema kwamba vituko ni bidhaa rahisi. Mtu kukataa jumba hakushushi bei ya mfuko wa unga, na wagombea wa hapa wanajua vizuri kwamba kucheza ngoma jukwaani ni nafuu kuliko kutengeneza barabara ya Ruashi.

Huyo Brown mwaka 1978 alipinga pendekezo la kubana kodi ya nyumba na viwanja, Proposition 13, na wananchi walipolipitisha akageuka kulitekeleza kwa bidii. Hapa tungemwita kigeugeu, na sijui kwa nini akiwa Mmarekani aitwe mwenye hekima.

Mwalimu amekwepa majina ya hapa, lakini jina moja halikwepeki. Marehemu Kyungu wa Kumwanza alikuwa mmoja wa wabunge 13 waliomwandikia Mobutu barua ya wazi mwaka 1980, na huo ulikuwa ushujaa ambao hakuna anayeweza kumnyang'anya. Akaja kuwa gavana wa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati ule, na katika miaka ya 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai wakafukuzwa makwao kwa wingi, wakarundikana kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni. Baadaye akarudi, akaongoza Bunge la jimbo la Katanga, na mwaka 2015 akajiunga na waliomkataa Rais Joseph Kabila. Kiswahili chake cha jukwaani kiliwachekesha na kuwasisimua watu, na wapo waliomwita baba hadi alipofariki mwaka 2021. Lakini mwulize aliyepanda treni ile alivyokuwa akikisikia Kiswahili hichohicho. Kwa hiyo wanafunzi wasiulize kama mzee anachekesha. Waulize vituko vyake vililipiwa na nani.

Mzaliwa wa Kamalondo (Oakland)

Mama, hapo sina la kukupinga. Kuhusu ukigeugeu wa 1978, hata hapa wapo ambao hawakumsamehe.

Ila kuhusu unga, niseme hivi. Brown aliporudi Januari 2011 alikuta pengo la bajeti la takriban dola bilioni 26. Alikata matumizi, pamoja na huduma ambazo maskini walizihitaji, hata simu za mkononi za watumishi wa serikali akaamuru nyingi zirudishwe. Kisha Novemba 2012 akawaomba wananchi wenyewe wakubali kodi zaidi kwa muda, hasa kwa wenye vipato vikubwa, na zaidi ya nusu wakakubali. Mwaka 2014 alichaguliwa tena kwa takriban asilimia 60. Nadhani kura hiyo ya kodi ndiyo iliyofuta jina la Moonbeam, kwa sababu mwanasiasa anayetafuta kupendwa tu haendi kuomba kodi.

Usije ukadhani kila kitu kilikamilika, hata hivyo. Alipoondoka mwaka 2019 akiba ya jimbo ilikuwa nono, lakini watu wasio na makazi walikuwa wamejaa chini ya madaraja hapa Oakland, na reli ya mwendo kasi aliyoipigania haijabeba abiria hata mmoja mpaka leo. Mama yule dereva wa basi hunikumbusha jambo hilo kila nikizidisha sifa.